Ngata ya Maganga

Marahaba, marahaba. Na wewe wa nyuma uliyeificha shikamoo yako mdomoni, marahaba pia. Sasa kaeni juu ya hayo magunia mnisikilize, maana jana mliniudhi.

Nilikuwa nimekaa zangu barazani nawatazama mnavyopakia machungwa. Mkabishana kama yapangwe kwenye matenga au yamwagwe tu ndani ya lori. Mkanyoosha mikono, kumi wakataka yamwagwe, mmoja akakataa. Mkamzomea mpaka mbwa wa Muheza nzima wakaitikia, kisha mkaendelea na kazi. Sisemi yule mmoja alikuwa na haki. Huenda ni mvivu tu, babu yake namjua. Ninachosema ni kwamba hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza anakataa kwa nini. Mimi nimekuwa hamali mjini Tanga, nimebeba mizigo ya watu kwa mabega haya tangu yalipokuwa na nyama, na kosa lenu la jana nililifanya mimi zamani, tena kwa kicheko kikubwa kuliko chenu. Nusura linitoe roho.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko bomani. Malori yalikuwa ya kuhesabika, na mashine za kunyanyulia mizigo zilikuwa bandarini tu. Mtu akitaka kuhamisha kabati, sefu, tangi la maji au mashine ya kusaga, alikuja kwetu karibu na stesheni. Tulikuwa wanane. Watano tulikuwa Wazigua, mimi Mhina nikiwa mmoja wao. Alikuwako Mbondei mmoja, Mbwana, mwenye nguvu za kutisha na macho mabovu. Siku moja alimwamkia shikamoo punda wa mkokoteni, akakasirika kwamba hakuitikiwa. Alikuwako Mnyamwezi mmoja, Maganga, aliyekuja Tanga kukata mkonge kwa mkataba, na mkataba ulipokwisha akaona bora abebe mizigo yenye mwisho. Na mkubwa wetu alikuwa Bwana Kombo, Mdigo wa Nguvumali, mfupi, mkali, na kiziwi wa sikio la kushoto.

Bwana Kombo alikuwa na sheria moja tu, ya ngata. Ngata hamuijui ninyi, mnabeba mzigo juu ya kofia. Ni kitambaa unachokisokota mviringo, ukakiweka kichwani au begani ili mzigo usikuchune. Kila hamali alikuwa na ngata yake, na hakuna aliyeazimwa ya mwenzake. Basi kabla ya kunyanyua mzigo wowote, Bwana Kombo alisema neno moja: "Ngata!" Aliyekubali njia tuliyopanga aliiweka ngata yake juu ya mzigo. Asiyekubali alibaki nayo mkononi. Ikikosekana moja, hakuna anayegusa kitu mpaka mwenye ngata mkononi asikilizwe.

Msidhani alikuwa mpole. Mpole wapi! Alikuwa anatutukana kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, anakwenda kuswali, anarudi kuendelea alipoishia. Ila mzigo wa watu wanane aliujua. Saba wakikubali kwa moyo, na wa nane akasita kwenye kona, mzigo wote unamwendea yule wa nane. Sefu ya chuma haijui kwamba ninyi saba ni wengi.

Nami nilianza vibaya. Mwezi wangu wa kwanza nilipata jipu begani, kubwa, limeiva. Tukaitwa kuhamisha meza ya marumaru. Bwana Kombo akasema "Ngata!" nami nikaona haya, mgeni kazini niseme naumwa jipu? Nikaiweka ngata yangu juu pamoja na za wenzangu. Tulipofika katikati ya njia jipu likapasuka, nikapiga yowe, nikaachia. Meza ikaenda chini ikamwangukia jogoo wa watu. Akafa papo hapo, hata kuchinjwa hakuwahi, kwa hiyo wala hatukumla.

Bwana Kombo akaniokotea ngata yangu, akaipangusa vumbi. "Mwongo si wewe," akasema, "wewe ni mjinga tu. Mwongo ni hii." Kisha akanipa adhabu ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Wiki nzima hakunikubalia niweke ngata mpaka niseme kwanza jambo moja ninalolipinga katika mzigo ule. Siku ya kwanza sikuona kitu. Siku ya pili nikaona kamba imechakaa. Siku ya tatu nikaona mlango utatubana. Siku ya sita nilikuwa napinga mpaka jua. Wenzangu walinichoka, lakini macho yakafunguka.

Na lile sikio lake la kushoto! Kwa kuwa alikuwa kiziwi upande mmoja, mtu akibaki na ngata mkononi Bwana Kombo alimsogelea, akamwekea sikio la kulia mdomoni kabisa. Mwenye haya alimnong'oneza, na sisi hatukusikia. Siku moja Mbwana aligoma kuweka ngata kwenye samadari ya bibi harusi. Tukapiga kelele, watu wa harusi wanangoja, kitanda chenyewe hakina uzito wa maana, kuna nini? Bwana Kombo akaenda akamwekea sikio. Aliporudi akasema tu, "Tupumzike kidogo, mkalete mihogo ya kuchoma na chai." Tukala, Mbwana akaweka ngata, kitanda kikafika. Miezi baadaye ndipo tukajua kwamba alikuwa amegombana na mkewe, hajala tangu jana yake mchana. Mtu mzima yule angesemaje njaa mbele ya wanaume saba?

Siku moja nilisimama upande wake wa kushoto nikamsema vibaya kwa sauti ndogo, habari za kipara chake. Akanijibu pale pale, neno kwa neno, na la kwake lilikuwa kubwa zaidi. Kumbe mzee alikuwa anasikia pande zote mbili! Aliniambia nikimtoboa siri atanifukuza. Leo ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo nadhani naruhusiwa.

Haya, sasa tuje kwa Maganga. Mnajua Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Siku hizi utani wenu ni maneno ya kwenye simu. Wetu ulikuwa na sheria. Mtani wako anakutukana mbele ya wakwe zako, unacheka. Anakukuta na embe, anakunyang'anya analila mbele yako, unacheka. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuchekesha msibani na kukusaidia kuzika. Asiyeruhusiwa ni mmoja tu, anayekasirika. Mtani akikasirika ameuvunja utani, na hiyo ilikuwa aibu ya kuhamia mji mwingine.

Maganga peke yake alikuwa mtani wa watu watano. Hebu fikirini hali yake. Kila alichosema kilikuwa kichekesho, atake asitake. Akisema mvua itanyesha, tunacheka. Akisema anaumwa kichwa, tunamuuliza kama Mnyamwezi naye amepewa kichwa. Naye alikuwa anatupa vyetu, mdomo wake ulikuwa na pilipili. Lakini Bwana Kombo hakuwa mtani wake. Maganga akibaki na ngata mkononi, Bwana Kombo alitufukuza hatua kumi, akamwekea sikio. Mimi nikidhani ni mapenzi ya mzee kwa Mnyamwezi wake.

Basi siku moja Bwana Kombo akapata habari ya msiba Ushongo, mjomba wake amefariki. Akafunga safari ya huko Pangani. Kabla ya kuondoka akaniita. "Mhina, uongozi ni wako kwa siku mbili. Uliza ngata. Mwenye nayo mkononi umsikilize. Usifanye haraka." Nikasema ndiyo bwana, ndiyo bwana, na huku najiona nimepanda cheo, hata kutembea nikabadili.

Kazi iliyokuwapo ilikuwa ya Mwalimu Filomena, mama mmoja wa Kigoa aliyekuwa akifundisha watoto kupiga piano. Mjane, hana mtu mjini, piano ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Alikuwa anahamia ghorofani, na njia ya kupanda ilikuwa moja tu, ngazi ya mbao iliyokuwa nyuma ya nyumba, upande wa uani. Mmewahi kubeba piano? Kwa nje ni kabati. Kwa ndani kuna chuma kizito cha kushikilia nyaya, na uzito wake haukai mahali pamoja. Ukidhani umeushika, kumbe uko kwa mwenzako.

Tulifika saa tatu asubuhi. Nikapanga, wanne chini tusukume, watatu juu wavute kwa kamba. Maganga yeye akaanza kupanda ngazi taratibu, anapiga kila kidato kwa kisigino, anasikiliza. Alipofika juu akatazama roshani ya ghorofa iliyoelekea uani, akateremka. Nikasema, "Ngata!" kwa sauti ya Bwana Kombo kabisa. Zikawekwa sita juu ya piano, yangu ikiwamo. Ya saba ikabaki mkononi mwa Maganga.

"Una nini, Mnyamwezi?" nikamuuliza.

"Sina kitu, Wazigua," akasema. "Ngazi hii imekufa siku nyingi, inangoja wa kuzikwa nao. Mimi mtani wenu kazi yangu kuzika. Pandeni tu, nitakaa pale juu niwalilie mmoja mmoja kwa jina."

Wee! Tulicheka mpaka Mbwana akajishika mbavu. Maganga naye akacheka. Lakini ngata ilibaki mkononi, na kidole gumba kilikuwa kinaisugua, kinaisugua. Hilo nililiona, wallahi, nililiona. Hapo ndipo nilipotakiwa kuwafukuza wenzangu hatua kumi nikamwekea sikio. Badala yake nikaruka, nikamnyang'anya ile ngata. "Mali ya mtani haina mwenyewe!" nikapiga kelele, nikaitupa juu ya piano pamoja na zile sita. Wenzangu wakapiga makofi.

Maganga akanyoosha mkono kuichukua, kisha akaurudisha. Angefanya nini? Akasirike avunje utani? Akanitazama, akasema, "Haya, mtani." Akachukua kamba akapanda juu. Nikamwona anaizungusha kwenye nguzo ya roshani, mara moja, mara mbili, mara tatu, anaifunga. Hilo halikuwa katika mpango wangu. Nikamuuliza kama anafunga mbuzi. Akakaza fundo.

Tukanyanyua. Kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, twende, twende. Cha nne. Mimi niko pembeni chini, bega limeingia chini ya kona ya piano. Nikakanyaga cha tano.

Sikusikia hata kuvunjika. Nilijiona tu nimekuwa mfupi. Mguu wa kulia ulipita katikati ya ubao mpaka juu ya paja, na ile mbao iliyovunjika ikanibana kama mtego wa panya. Piano ikalia sauti zake zote kwa pamoja, ikarudi nyuma kunijia. Wenzangu watatu wa chini sijui waliruka saa ngapi, niliona visigino tu. Ikaja, ikaja, ikasimama shubiri moja kutoka kifuani pangu, inaning'inia kwa kamba ya Maganga, kona yake moja imekaa juu ya zile mbao zilizonibana. Kila ikitikisika, meno ya mbao yanaingia pajani.

Nyumbani nilikuwa na mke na mtoto wa miezi mitatu. Hamali asiye na mguu ni nani? Nilianza kuwaza mke wangu atarudi kwao Handeni na nani, na atasema nini. Nililia, nawaambieni ukweli. Nilimwita mama yangu, na alikuwa ameshafariki.

Wenzangu wakaingiwa na wazimu. "Tupande juu sote tuvute!" mmoja akapiga kelele. "Tuvute, tuvute!" wakaitikia. Mbwana tayari amekanyaga kidato cha kwanza. Maganga akapaza sauti kutoka roshani. "Simameni! Ngata!"

Nikadhani nimesikia vibaya. "Ngata gani tena?" nikamlilia. "Maganga, nakufa huku!"

"Asubuhi mliniwekea yangu," akasema. "Sasa aliyeninyang'anya yuko chini ya piano, hakuna wa kuninyang'anya. Hapandi mtu." Akateremka kwa nguzo ya roshani, kama anashuka mnazi. Ngata zilikuwa zimemwagika uani, akaokota yake, akaishika mkononi, akasimama mbele ya ngazi. Na wale wanaume, waliokuwa wamemcheka saa ileile, wakarudi nyuma. Walikuwa wamekwisha kuiona ngazi.

"Mimi nakataa kuvuta juu," Maganga akasema. "Vidato vya juu vimeliwa na mchwa sawasawa na hiki, nimevisikia vyote. Mkipanda watu watano, mtamwangukia. Naona piano iteremshwe kwa kamba taratibu, mpaka chini. Mhina tumkatie ubao, tumtoe kwa chini ya ngazi."

"Na mimi nakataa!" Huyo alikuwa Mwalimu Filomena, amesimama mlangoni, mikono kichwani. "Mtaivunja! Mkiivunja mimi nitafundishia nini?"

Nikamwambia maneno ambayo sitayarudia mbele yenu. Maganga akaniambia ninyamaze. Akaokota ngata nyingine, akampelekea yule mama. "Shika hii, Mwalimu. Ni ya Mhina, kwa sasa haimfai. Ukikubali utaiweka pale chini. Hebu tuambie, unaogopa nini hasa? Isichubuke?"

"Kuchubuka si kitu," yule mama akasema. Akafikiri, machozi yanamtoka. "Ikiangukia mgongo, chuma cha ndani kinapasuka, haitengenezeki tena. Ikitua kwa miguu yake, hata kwa kishindo, itapona."

Mnaona? Watu wawili wanapingana, na dakika moja tu ya kuulizana ikaonyesha kwamba hawapingani. Mwalimu akatoa magodoro yake mawili ya sufi, majirani wakatoa matatu, yakapangwa chini ya ngazi. Kamba ya pili ikafungwa mgongoni mwa piano ili isipinduke. Mwalimu akaweka ngata yangu chini. Maganga akaweka yake. Wakaweka wote. Nami natazama haya yote nikiwa nimekaa kwa paja moja, najiambia nikipona sitawasamehe.

"Limebaki neno la Mhina," Maganga akasema.

"Nimekubali! Nimekubali zamani! Fanyeni haraka!"

Msumeno ulikuwa umeazimwa kwa seremala jirani. Nikautafuta kwa macho nione uko wapi. Ulikuwa mkononi mwa Mbwana. Amekwisha kuinama chini ya ngazi, amekunja uso, anapapasa kwa kidole mahali ubao unapokwisha na mguu wangu unapoanza, na nilivyoona kidole kile, hajapata uhakika.

"Nakataa!" nikapiga yowe. "Napinga! Napinga!"

Wengine wakaanza kucheka. Maganga akawageukia, "Nyamazeni. Mhina anapinga." Kisha kwangu, "Unaogopa nini?"

"Naogopa Mbwana."

Mbwana akainuka polepole, amenuna. "Mimi?" akasema. "Mimi?"

"Unataka akate nani?" Maganga akaniuliza.

Nikawatazama. Mmoja anatetemeka, wa pili anatetemeka zaidi, wawili wako juu kwenye kamba. Aliyekuwa na mkono uliotulia pale uani alikuwa mmoja tu, na mali yake nilikuwa nimemnyang'anya asubuhi. Nikasema, "Wewe."

Akauchukua msumeno, akaingia chini ya ngazi. Kati ya ubao wa kukata na ngozi yangu palikuwa na nafasi ya kidole kimoja. Nikangoja utani. Alikuwa na haki nao, na mahali penyewe palikuwa panauita. Hakunitania hata kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Akaweka meno ya msumeno kwenye ubao, akaniangalia usoni.

"Nianze?"

Nikaukamata ubao kwa mikono miwili. Nilikuwa nimekubali kwa mdomo, lakini mwili mzima ulikuwa umekataa.

"Anza, bwana!" wenzangu wakasema. "Anza, kamba inatuchuna!"

"Hajasema," Maganga akajibu. Akakaa vile vile, mkono haujasogea. Alikuwa ananingoja mimi. Mimi ambaye sikumngoja yeye hata kwa muda wa kupumua mara moja. Jasho na machozi vilikuwa vinanitiririka pamoja, na naona haya kuliko ninavyoona maumivu.

"Anza," nikasema.

Akapiga mara tatu, akasimama. "Niendelee?" Nikasema endelea. Akapiga mara tatu, akasimama. "Niendelee?" Hivyo hivyo mpaka ubao ukaachia, wakanivuta kwa chini, nikalala mchangani na mguu wangu, damu nyingi lakini mfupa mzima. Piano ikashuka kwa kamba zake mbili, ikatua kwa miguu juu ya magodoro. Mwalimu Filomena akafungua kifuniko, akajaribu sauti moja moja. Moja ilikuwa imekufa, ya mwisho kabisa upande wa kushoto. Akasema hakuna mtoto anayefika huko. Siku ya tatu piano ilipandishwa kwa nje, ikavutwa kwa kamba na kapi moja kwa moja hadi roshanini, na hilo ndilo Maganga alilokuwa ameliona siku ile alipotazama roshani. Alikuwa nalo mkononi pamoja na ngata yake, sikumuuliza.

Siku iliyofuata ajali Bwana Kombo akarudi kutoka msibani. Nilikuwa nimekuja stesheni nachechemea, paja limefungwa kanga ya mke wangu. Akasikiliza habari yote kwa sikio la kulia. Akauliza neno moja, "Ngata ya Maganga aliiweka nani?" Nikasema mimi. Nikangoja matusi. Hayakuja, na heri yangekuja.

Maganga alikuwa amesimama pembeni, na miguuni pake palikuwa na mzigo wake, mkeka na sufuria vimefungwa pamoja. "Bwana Kombo, naaga," akasema. "Siwezi kubeba na watu ambao nikisema hapana wanasikia kichekesho. Nitaua mtu, au nitauawa."

Nilikuwa na mguu kwa sababu ya mtu huyu. Nikamsogelea. "Maganga," nikamwambia, "utani kando."

"Utani kando?"

"Kando kabisa. Nilikukosea. Ulikuwa na neno, nikalinyang'anya nikalicheza. Nisamehe. Na tangu leo, mtu akiwa na ngata mkononi, utani ufe mpaka aiweke. Hata wako."

Akatazama mkeka wake, akanitazama mimi. Mwisho akasema, "Nitakaa, kama wote wamelikubali hilo."

Bwana Kombo akasema, "Ngata!"

Hapakuwa na mzigo, tukaweka chini mchangani. Maganga yake. Mimi yangu. Wazigua wenzangu. Bwana Kombo yake. Tukahesabu, saba. Mbwana alikuwa amesimama na ya kwake mkononi, ametununia, midomo imetangulia mbele.

"Sheria naikubali," akasema. "Lakini huyu Mhina alisema ananiogopa mimi. Mbele ya Mwalimu Filomena na majirani wote. Mpaka sasa hajaniomba radhi."

Kicheko kilinipanda kutoka tumboni, kikafika kooni. Nikamtazama Maganga. Naye kilikuwa kimemfika pale pale, mashavu yanatetemeka. Hatukucheka. Nikauburuta mguu wangu mbovu, nikakaa chini mbele ya Mbwana, nikamwambia, "Haya, ndugu yangu. Sema yote."